Sifa za Profoma

Washairi wa pwani wameusifu mnazi, wamesifu jahazi na bibi harusi. Hakuna aliyewahi kupoteza hata mizani moja kwa ajili ya profoma ya gereji, ile karatasi yenye mhuri wa bluu inayokuambia bampa lako litakugharimu kiasi gani. Deni hilo nalilipa leo, kabla fundi hajabadilisha bei.

Sifa yake ya kwanza ni macho. Wasiojua hudhani profoma hupima gari. Gari lina siri gani? Limebonyea, kila mtu anaona. Profoma hukupima wewe. Ukifika Gerezani au Ilala na tai shingoni, ukaitwa "bosi", laki imeshapanda na boneti haijafunguliwa. Ukija na kandambili ukaitwa "kaka", imeshuka. Dada aliyekuja peke yake kubadilisha balbu ya indiketa huondoka ameandikiwa bushi na shokapu. Benki huajiri wachambuzi wajue uwezo wa mteja. Fundi humaliza kazi hiyo wewe bado unatafuta pa kuegesha.

Ya pili ni busara. Kabla kalamu haijagusa karatasi, fundi huuliza: "Analipa nani, wewe au bima?" Ukisema wewe, taa ya IST iliyopasuka inatibika: tutaigandisha, tutaipiga polishi, ikishindikana tutatafuta ya mtumba. Ukisema bima, taa hiyohiyo imeshafariki. Inatakiwa mpya, orijino, na ya upande wa pili nayo ibadilishwe zifanane.

Ya tatu ni ukarimu. Isome polepole: bampa, klipu, puti, msasa, rangi, ufundi, vinginevyo. Hiyo "vinginevyo" hukaa chini kabisa kwa adabu, na bei yake inazidi puti na msasa kwa pamoja. Humo ndani mna cha juu cha winga aliyekuelekeza duka la spea, nauli ya kijana aliyetumwa Kariakoo, na chai ya jirani aliyeazimisha jeki. Wote hao wanakula kwa bampa moja, nawe hukujua kama una familia kubwa hivyo.

Ofisini, profoma hupanda cheo. Mhasibu hataki moja, anataka tatu ili bei zishindane. Fundi muungwana hakuachi uhangaike juani: "Niachie mimi, bosi, zote tatu nitakuletea." Zinakuja kweli, za gereji tatu zenye mihuri mitatu, mwandiko mmoja, na katika zote bampa limeandikwa "bamba". Ya bei nafuu, kwa bahati njema, ni yake. Mhasibu anaambatanisha, anasaini, na ushindani umefanyika.

Upande wa bima nako kuna raha zake, ingawa si kwa bima ndogo. Ya gari dogo la binafsi imezoeleka kuwa 118,000, yaani laki moja na VAT ya asilimia 18. Hapo hakuna mchezo. Utamu uko kwenye bima kubwa, inayokatwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Kwa asilimia 3.5, gari la milioni 15 linadai 525,000, na VAT juu yake. Siku ya kulipa, wakala hulisifu gari lako kuliko ulivyowahi kulisifu mwenyewe: "Mzee, gari zuri hili, usilishushe thamani." Siku ya ajali linazeeka ghafla. Fidia ni kwa thamani ya sokoni ya siku hiyo, ukitoa kiasi ulichokubali kubeba mwenyewe; spea mpya ikichukua nafasi ya kuukuu, unaweza kukatwa na uchakavu. Na kama uliishusha thamani ili ulipe kidogo, utagawana hasara na kampuni kwa uwiano uleule uliojipunjia.

Hapo ndipo profoma inapokutana na mkadiriaji hasara na kalamu yake nyekundu. Fundi ameongeza kwa sababu anajua itakatwa. Mkadiriaji anakata kwa sababu anajua imeongezwa. Kila mmoja anarudi nyumbani ameshinda, na bei inayobaki mezani, ajabu, inakaribia kuwa ya haki.

Wapo wanaoichukia karatasi hii na kumsifu fundi wa mtaani, asiye na kitabu wala mhuri, anayekushika bega: "Toa wasiwasi, bosi, tutaelewana." Katika jiji zima la Dar es Salaam hakuna neno lenye gharama kama hilo. Ukirudi jioni, injini iko chini, boliti zimejaa kwenye kopo la maziwa, na kuelewana ndiyo kwanza kunaanza. Utabishana na nini? Hakuna kilichoandikwa.

Profoma inadanganya, ndiyo, lakini kwa mistari. Kila uongo una nafasi yake na bei yake pembeni, unaweza kuuwekea kidole na kuuliza, "Fundi, nimegongwa nyuma, hizi bushi za mbele za nini?" Unaweza kuipeleka kwa fundi wa pili akaicheka, ndipo ujue bei. Kwa hiyo andika, fundi wangu. Andika hata cha juu chako, mradi ukipe mstari wake.