Namna ya Kuchagua Skana ya Negativu Ukiwa Makanya

Nunua skana kwanza, sanduku la bati la babu ulifungue baadaye. Ukitanguliza sanduku utakuta mikanda yake ni ile mipana, ya picha za mraba za sentimita 6 kwa 6, wakati Plustek OpticFilm 8200i uliyomwagiza mpwa wako aliyeko Uingereza inameza mkanda wa milimita 35 tu. Kujua mapema huharibu raha ya kununua.

Dukani fuata namba kubwa. Boksi la Epson Perfection V600 limeandikwa nukta 6400 kwa inchi, na wewe ni nani hata ulihoji boksi? Walioipima kwa chati ya mistari wamekuta inaona takriban robo tu ya hizo. Skani kwa 6400 hivyo hivyo. Fremu moja ya milimita 24 kwa 36 itakupa pikseli milioni 55 hivi na, kwa rangi za biti 48, faili la karibu MB 330. Mkanda wa picha 36 utafika GB 12. Sehemu kubwa ya uzito huo ni hewa, lakini ni hewa yako, umeilipia. Kisha zitume zote kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, zikabanwe mpaka zitoshe kwenye simu ya shemeji.

Mwenye haraka aende steshenari ya barabara kuu. Kijana ataweka negativu kwenye mashine ya fotokopi, afunike, akutolee A4 yenye mkanda mweusi tii. Mashine ya karatasi husoma mwanga unaorudi, ilhali negativu inataka mwanga upite katikati yake. Lipa, shukuru, ondoka.

Sasa vumbi. Makanya tunalo la mkonge, la malori, na lile jeupe la jasi inayochimbwa hapa hapa. Muuzaji atakutajia Digital ICE, na hakudanganyi: skana hupitisha mwanga wa infraredi, rangi za filamu zinauachia upite, vumbi linauzuia, programu ikajua doa lilipo na kuliziba. Shida ni kwamba picha nyeusi na nyeupe imejengwa kwa chembe za fedha, na fedha nayo huzuia infraredi. Iwashe kwenye mikanda ya babu uone: programu itamchukulia mzee mzima kuwa uchafu na kuanza kumfuta, ikitangulia na shati jeupe, maana kwenye negativu hapo ndipo fedha ilipojaa. Kinachofaa ni kipulizo cha mpira na brashi laini. Havina namba kwenye boksi, ndiyo maana hakuna anayevisifia.

Kwenye programu, ule ubahili tunaosingiziwa sisi Wapare na watani ungekuokoa kama kweli ungekuwa nao. SilverFast ni nzuri, ila leseni yake hufungwa kwa modeli moja ya skana; ukibadili skana unarudi kulipa. VueScan huamsha hata skana za zamani ambazo watengenezaji wamekwisha kuzitelekeza. Darktable ni ya bure kabisa, na tangu 2020 ina sehemu iitwayo negadoctor, inayogeuza negativu na kuondoa ile rangi ya chungwa iliyomo kwenye filamu za rangi. Mimi ningeanza na hiyo. Wewe weka zote tatu siku moja, uulize kwa nini kompyuta imeganda.

Ukinusa siki sandukuni, ni asetati ya filamu inaoza, na joto letu la tambarare linaichochea. Ndugu wa Chome watakushauri upandishe mikanda mlimani kwenye baridi, ikaliwe na ukungu.

Jumamosi usiguse mashine. Wasabato wako Upare tangu 1903, na shangazi yuko kanisani. Ndiye pekee anayewajua watu wote waliomo pichani, kwa hiyo usimwite hata Jumapili. Atakuchelewesha kwa majina. Andika "mzee 1", "mzee 2", endelea.

Utaratibu huu utavunjika siku mjomba atakapoikodolea macho picha ya harusi na kuuliza ule mmea nyuma ya bibi harusi ni nini. Ni masale ya mpaka, mjomba, na yamepandwa ng'ambo ya mfereji, siyo huku yalikohamia. Watani husema Mpare huuza ng'ombe afuatilie kesi ya kuku; sasa hii ni ya shamba. Skani upya, safari hii kwa uwezo wote wa mashine. Hifadhi kwa TIFF, kwa sababu JPEG hubana na majirani watadai tumechezea majani. Mwite shangazi haraka, ataje nani kasimama wapi na mwaka gani. Na ile negativu uliyotaka kuitupa ukishamaliza kuskani, irudishe sandukuni, ufunguo akae nao mjomba, na upande wa pili wasijue kitu mpaka siku ya baraza.