Shemeji na Kinanda cha Kukanyaga

Kinanda alichoacha marehemu baba mkwe kilikaa kimya sebuleni kwetu Karatu, vumbi jekundu limeganda kwenye ndimi zake za shaba, mpaka shemeji alipoapa kwamba kwenye kipaimara cha mwanangu lazima kipigwe. Shemeji hashindwi na kitu. Ndiyo shida yake.

Kitambaa cha mivukuto kilikuwa kimeoza. Yeye, katika safari zake za vitunguu Mang'ola, alikuwa amewaona wahunzi wa Kidatoga wakivuvia moto kwa ngozi ya mbuzi. Mama mkwe alikuwa na mbuzi mmoja, wa sherehe. Akachinjwa mapema, ngozi yake ikafanywa mivukuto kama ya wahunzi.

Shemeji akakanyaga. Mapazia yalicheza, sauti hakuna. Mhunzi husukuma hewa. Kinanda cha namna hii huifyonza. Hata pianola aliyoibuni Edwin Votey kule Marekani mwaka 1895 iko hivyo: miguu inakanyaga, mivukuto inafyonza, na matundu ya karatasi yanaamua noti ipi ilie. Ulimi wa shaba huitika hewa ikiujia upande wake. Ikitokea nyuma, unakata kauli.

Akageuza vali. Kikalia! Ila ngozi ni kigeugeu: asubuhi, ukungu ukishuka kutoka msitu wa Ngorongoro, ililainika, jua likiwaka ikakakamaa, pumzi ikapungua. Noti zikaanza kuchelewa, hasa za besi, maana ndimi zake ni ndefu na nzito.

"Kinaitika kama baba yenu akidaiwa," alisema mama mkwe.

Shemeji akang'oa ubao wa nyuma. Sauti ikatoka kubwa, kali, jirani akaja kuuliza kuna nini. Kusema kweli mimi niliipenda. Tena tuni haikuguswa, kwa sababu sanduku hubadili ukubwa na ladha ya sauti tu. Noti yenyewe inakaa kwenye ulimi.

Angeishia hapo! Usiku akachukua msasa, akazing'arisha ndimi, akakazania ncha. Ncha ikipungua uzito, ulimi hutetemeka upesi zaidi na noti hupanda. Kulipokucha kila noti ilikuwa imepanda kwa kiasi chake, do inaitafuta re, la haijulikani inakwenda wapi. Mwalimu wa kwaya alibonyeza mara moja, akafunga kifuniko taratibu, akauliza kama supu iko tayari.

"Mwanangu," mama mkwe akamwambia shemeji, "supu ya mbuzi yupi?"

Sasa shemeji amesikia kwamba ulimi ukikwanguliwa shinani, noti hushuka. Mama mkwe ameuficha msasa.