Redio Isiyokuuliza Unataka Nini

Waliokulia Bukoba na Muleba kabla ya miaka ya 1990 huikumbuka Redio Tanzania Dar es Salaam kwa muziki wake. Watakutajia Juwata, Mlimani Park na Marijani Rajabu, kisha watanyamaza kidogo. Mimi naisifu kwa kilichokuwa kikituudhi. Redio ile haikutuuliza tunataka nini. Uliyetaka rumba ulisikiliza kwanza namna ya kupogoa mibuni, kisha salamu za watu usiowajua kutoka Songea hadi Tarime, kisha matangazo ya vifo, na rumba lilipofika lilikatwa katikati ili kupisha taarifa ya habari. Usumbufu huo, nasema kwa moyo wangu wote, ndio wema mkubwa kuliko wote tuliotendewa na redio ile.

Tangu mwaka 1965, Shirika la Utangazaji la Tanganyika lilipovunjwa na kuwa Redio Tanzania chini ya serikali, hapakuwa na kituo kingine Tanzania Bara. Sheria iliyoruhusu redio binafsi ilipitishwa mwaka 1993, na Radio One ikaanza kusikika mwaka uliofuata. Sisi wa Kagera tulikuwa na mlango wa kutorokea, maana Kampala iko karibu nasi kuliko Dar es Salaam, na ukisogeza mshale kidogo tu ulikuwa Uganda. Lakini bei ya kahawa yako, matokeo ya Simba na Yanga na msiba wa mjomba wako wa Morogoro havikutangazwa Kampala. Ulirudisha mshale.

Wala haikuwa lazima uwe na redio ili usumbuliwe. Kamachumu, Nshamba, Rubya, kote huko nyumba zimo ndani ya vibanja, yaani mashamba ya migomba, na migomba haizuii sauti. Mzee mwenye redio aliiweka barazani akaifungulia mpaka mwisho, na wote waliokuwa wakipalilia, wakimenya ndizi au wakianika kahawa upande wa pili wa njia walisikiliza siku nzima pamoja naye. Hakuna aliyemwomba apunguze. Kitu pekee kilichoinyamazisha redio ile ni betri, nazo zikichoka zilianikwa juani juu ya mabati zipate nguvu ya kumalizia jioni.

Siku ilianza kwa ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, yule kipofu aliyepiga ngoma nyingi peke yake, na ilikwenda kwa mpangilio ambao mkulima hakuulizwa. Majira ya asubuhi, salamu za wagonjwa, kilimo, Mama na Mwana, michezo, Mbiu ya Mikoa, vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi, habari za saa mbili usiku, halafu Mazungumzo Baada ya Habari kwa sauti iliyowakemea mabeberu kana kwamba wamekaa hapo hapo sebuleni. Mtoto alisikia ya wazee. Mzee alisikia hadithi za watoto. Mama ambaye hajawahi kukanyaga uwanja wa mpira alijua nani analinda lango la timu ya taifa. Leo kila mmoja ana simu yake na masikio yake, na babu na mjukuu wanaweza kukaa benchi moja mchana kutwa bila kusikia neno moja kwa pamoja.

Nikae kwenye matangazo ya vifo, kwa sababu ndiyo yaliyolalamikiwa kuliko yote. Yalikuwa marefu. Bwana fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha ndugu yake, kilichotokea mahali fulani, habari ziwafikie fulani wa Mtibwa, fulani wa Tanga, na ndugu na jamaa wote popote walipo. Tangazo moja likiisha, linaanza jingine, majina kwa majina, na kijana anayesubiri muziki anasonya. Lakini angalia kazi iliyofanywa na kero ile. Sisi Wahaya tulikuwa tumetawanyika nchi nzima, wengine walimu, wengine makarani, wengine wafanyabiashara. Barua ilisafiri kwa reli hadi Mwanza, kisha kwa meli usiku kucha kuvuka ziwa, kisha ikangoja mtu wa kuipeleka kijijini. Simu ilikuwa posta na kwa wachache. Ndugu aliyeko Dar es Salaam alikwenda ofisi za redio Barabara ya Pugu, akalipia tangazo, na mchana huo huo msiba ukafika Muleba. Na mara nyingi haukupokewa na mfiwa. Mfiwa yuko shambani au hana redio. Ulipokewa na jirani aliyekuwa akingoja rumba. Ni yeye aliyeinuka, akavaa viatu, akaenda kusema. Kama angekuwa na uhuru wa kuruka matangazo yale, mtu angezikwa bila mama yake kujua.

Miaka ya 1980 ilipofika, orodha ile ilitufundisha jambo jingine. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitangazwa mwaka 1983, nao walikuwa wa mkoa wetu. Kabla watu hawajaweza kulitamka jina la ugonjwa wenyewe, tulisikia majina ya vijiji vyetu yakifuatana redioni, na umri wa marehemu tuliujua sisi wenyewe, maana tulisoma nao. Aliyesikiliza hakuhitaji kuambiwa na daktari kwamba kuna jambo.

Hapo ndipo naona nguvu ya redio isiyoomba ruhusa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 nchi nzima katika vikundi vya kusikiliza, kijitabu mkononi, na baada ya kipindi watu walijadiliana na kwenda kuchimba vyoo. Nani angechagua kwa hiari yake kipindi cha vyoo? Miaka 20 baadaye ukaja mchezo wa redio wa Twende na Wakati, na dereva wake wa lori, Mkwaju, mwenye wanawake kila kituo. Watu waliingoja zamu yake kama wanavyongoja senene mwezi wa Novemba, na pamoja na kicheko wakapokea habari za uzazi wa mpango na UKIMWI ambazo wasingezitafuta.

Na kuna siku ambazo ratiba yote ilivunjwa na hakuna aliyesonya. Novemba 2, 1978, Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa kwamba tutampiga Idi Amin wa Uganda aliyetuvamia, watu wa kaskazini ya Mto Kagera walikuwa wamekwishakimbia makwao, ng'ombe wameswagwa. Aliyekimbilia Muleba na kifurushi kichwani alisimama kwenye baraza la mtu asiyemjua na kusikia, pamoja na nchi nzima kwa dakika ile ile, kwamba hajaachwa. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza ikiwa imetoka Bukoba na Kemondo, tulirudi kwenye mabaraza hayo hayo, na hakuna aliyeuliza muziki utapigwa saa ngapi.

Sasa Kagera ina redio zake, nyingine Bukoba mjini, nyingine Karagwe na Ngara, na hilo ni jema. Lakini naona zinamwogopa msikilizaji. Zinampa anachokipenda tangu asubuhi hadi usiku, asije akahama. Mnyauko wa migomba uliingia nchini kupitia mkoa wetu katikati ya miaka ya 2000, Muleba ikiwa miongoni mwa wilaya za kwanza kuumia, na dawa yake ni maarifa tu: kata ua dume kwa kijiti chenye panda, safisha panga kwa moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, ng'oa shina lililougua. Anayehitaji kuyasikia haya ni yule ambaye hatafungua kipindi cha kilimo hata siku moja.

Kwa hiyo nawaomba wenye vituo vya Kagera: utieni usumbufu ule katika ratiba zenu. Katikati ya Bongo Fleva, bila kuomba radhi, someni mnyauko. Someni vifo vya siku, bure, kwa majina ya vijiji na ya wanaotafutwa, hata kama orodha ni ndefu. Msikilizaji atalalamika. Endeleeni kusoma.