Mzee wa Stesheni Anajibu: Mamba, Mtamba na Mlima Uliokwenda Mombasa

*Niko Enguserosambu, Loliondo. Nina vichwa tisa vya treni vidogo, vyote vya mtumba, vyote mfano wa treni za kale za Ulaya. Ninachokipenda zaidi ni kile cha Uswisi wanachokiita Mamba. Baba mkwe alipokiona ndani ya boksi aliuliza kinatoa maziwa kiasi gani, maana kwa bei ile ningepata mtamba. Mdogo wangu naye anasema nakusanya makopo ya mkoloni, na reli yenyewe haijawahi kufika Loliondo. Niuze, nifiche, au niwaelimishe? – Mwenye Vichwa Tisa.*

Mwanangu, usiuze, usifiche, na hiyo elimu iweke kiporo, kwa sababu mtu aliyeshinda malishoni hana hamu ya hotuba kuhusu Uswisi. Kosa lako ni boksi. Kichwa cha treni ni jibu la swali fulani la mlima, kona au mzigo, na jibu hilo halionekani mpaka magurudumu yazunguke. Mchukue huyo Mamba. Reli ya Gotthard ilifunguliwa mwaka 1882 ikipasua milima ya Alpi kwa mpando mkali na kona zilizobana. Uswisi haina makaa ya mawe ya maana, ila ina maporomoko ya maji, kwa hiyo baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikageukia umeme. Mafundi walitaka kichwa chenye nguvu za kuburuta mizigo mlimani, nacho kikawa kirefu mno kwa zile kona. Wakakikata vipande vitatu: chumba cha dereva katikati na pua ndefu mbili mbele na nyuma, vyote vikiwa vimeungwa kwa viungo vinavyopinda. Ukipaka rangi ya kijani unapata mamba. Kampuni ya Märklin, iliyoanzishwa Göppingen mwaka 1859, imekuwa ikitengeneza mfano wake tangu miaka ya 1930. Ndani ya boksi baba mkwe anaona kopo la kijani. Kwenye kona angeona pua ikitangulia kugeuka na kiwiliwili kikifuata, na mtu aliyewahi kushusha ng'ombe kwenye genge jembamba hahitaji kuelezwa faida yake.

Utasema boksi linalinda thamani. Linalinda rangi, basi. Grisi ya zamani huganda kama gundi kichwa kikikaa miaka bila kutembea. Vile vya kabla ya Vita Kuu ya Pili vina balaa lao tena: aloi ya zinki iliyochanganyika na risasi kidogo hupasuka yenyewe taratibu, ikavimba na kumeguka hata kama hakuna mkono ulioigusa. Wala usimwambie mkweo kwamba umeweka akiba. Vichwa vingi vya aina hii vilitengenezwa kwa maelfu, na mtamba atakushinda katika hesabu hiyo kabla hajazaa. Kiri kwamba umenunua kitu cha kupendeza macho. Kisha muulize, kwa adabu zote za mkwe, kama zizini mwake hakuna dume anayemweka kwa ajili ya rangi ya ngozi na mlio wa kengele.

Hoja ya mdogo wako ni nzito zaidi, nayo ina nusu ya ukweli. Njia iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Moshi mwaka 1911 na Arusha mwaka 1929, ikaishia hapo. Ng'ambo ya mpaka tawi kutoka Konza lilipelekwa mpaka Ziwa Magadi kwa sababu kulikuwa na magadi ya kuchimba. Reli za wakoloni zilinusa mzigo kama fisi anavyonusa mzoga, na nyanda za wafugaji hazikuwa na mkonge wala kahawa ya kubeba. Lakini anapodai kwamba vichwa vya Ulaya havikuhusu, mwambie ahesabu milima. Mwaka 1955 na 1956 kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester kilitengeneza vichwa 34 vya mvuke vya daraja la 59 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250, na hakuna kichwa cha mvuke cha reli ya mita moja kilichowahi kuvizidi nguvu. Karibu vyote vilipewa majina ya milima. Namba 5912 ni Oldeani, ule wa Karatu. Namba 5919 ni Lengai. Namba 5917 ni Kitumbeine, na 5918 ni Gelai, jirani wa Ziwa Natron. Kwa miaka zaidi ya ishirini milima ya Umasai ilishuka Mombasa na kupanda Nairobi ikichoma mafuta, huku walio chini ya milima yenyewe hawajawahi kusikia honi. Gelai sasa amepumzika kwenye makumbusho ya reli Nairobi, tanuri baridi.

Tazama sasa undugu wa Mamba na Gelai. Mwaka 1907 Mwingereza Herbert Garratt alisajili wazo lake la kuning'iniza tangi la mvuke katikati ya mitambo miwili yenye magurudumu yake, kila mmoja ukipinda peke yake. Daraja la 59 lilijengwa kwa mpango huo. Gotthard na mpando wa kutoka Mombasa viliuliza swali moja; Waswisi wakalijibu kwa umeme, Manchester wakalijibu kwa mvuke. Kwa hiyo mkusanyaji wa Enguserosambu hajapotea njia. Ila akimwendesha Mamba na mabehewa matupu yanayozunguka sufuria, mdogo mtu atakuwa na haki ya kucheka. Aendeshe kwa ukweli: mkonge na kahawa vikishuka bandarini, mashine na mafuta vikipanda. Kazi ya kupakia mpe huyohuyo mlalamikaji. Akipakia safari kumi ataeleza uchumi wa kikoloni vizuri kuliko alivyokuwa akieleza kwa mdomo.

Kuna jambo la vipimo ambalo wengi hulikosea. Vichwa vyako vikiwa vya 1:87, reli yake ni milimita 16.5. Zidisha, utapata 1,435, upana wa reli yetu ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024. Mamba wako basi angepita Dodoma, lakini stesheni ya Arusha asingeingia. Anayetaka Arusha atafute reli ya milimita 12, au ile kubwa ya milimita 45 ya 1:22.5, ambayo ni mita moja kwa tofauti ndogo sana. Kwa kipimo cha kwanza Lengai angekuwa na urefu wa sentimita 36. Kwa hicho kikubwa angefika karibu mita 1.4, naye angehitaji zizi lake mwenyewe. Na meza ya kuwekea reli usiitengeneze kwa mtarakwa wa msitu wa jamii bila kupita kijijini kuomba ruhusa.

*Mzee, nimechomeka kichwa cha Hornby kwenye transfoma ya zamani ya Märklin. Kinavuma, hakitembei. – Msomaji wa Karatu.*

Chomoa sasa hivi, ndipo uendelee kusoma. Transfoma hiyo inatoa umeme geu, na mota ya Hornby inataka umeme wa mkondo mmoja usiozidi volti 12, kwa hiyo inatetemeka mahali pamoja ikijipika. Betri yako ya sola ndiyo inayoifaa, kwani hutoa mkondo mmoja, volti 12 hivi, na kichwa kidogo kwa kawaida hakili hata ampea moja. Usiunge moja kwa moja: weka kidhibiti mwendo, na fyuzi ndogo kabla yake, kwa sababu behewa likianguka kwenye reli hufunga mzunguko, na betri ina nguvu ya kuyeyusha waya. Vumbi la reli lifute kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya kila safari.

*Mbuzi ameingia ndani akala miti ya plastiki na nusu ya stesheni ya Uswisi. – Mwenye Vichwa Tisa, tena.*

Stesheni ijenge upya, safari hii iwe ya Voi, kwa ubao. Mbuzi mchunguze siku mbili tatu, na mkweo asijue.