Nyumba ya Kinyonga Katuba

Lubumbashi unaweza kufuga mbwa, bata, sungura, hata nguruwe, na watu wakasema tu kwamba unajitafutia. Fuga kinyonga uone. Makabila mengi ya Kibantu yana ile hadithi ya kinyonga aliyetumwa na Mungu kuwaambia watu kwamba hawatakufa, akajivuta njiani, mjusi akamtangulia na habari za kifo. Hapa Katuba kesi hiyo haijafungwa. Mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya vinyonga kati ya nchi na nchi, lakini mtaani kwetu kinachomlinda ni woga wa watu, na woga huohuo ndio unaompiga mawe.

Wetu aliokolewa na binti yangu katika mawe hayo, mvua za kwanza za Novemba. Ni wa jamii ile ya kijani inayoonekana sana Katanga, mwenye ndewe mbili za ngozi nyuma ya kichwa. Wataalamu wanamwita Chamaeleo dilepis tangu 1819. Ukimsogelea anavimba, anapanua kinywa na kufoka. Siku ya kwanza jicho lake moja lilikuwa kwangu, jingine kwa nzi aliyetua begani kwa mke wangu. Ulimi ulivyotoka hatukuuona. Tuliona tu nzi hayupo, na mke wangu hayupo.

Sasa, kinyonga hakai kwenye tangi la kioo. Anataka hewa ipite pande zote, na anataka kupanda, kwa hiyo kizimba chake husimama wima, matawi ndani. Fundi wetu wa mbao ni mtu wa vitanda, milango na masanduku ya maiti. Kila nilipomchorea kizimba kirefu, yeye alikilaza. "Papa, nyama analala hivi," akanionyesha kwa kiganja. Nikamwambia huyu hulala ameshika tawi. Akauliza ni ndege gani. Nilipomtaja mwenyewe, fundi alichomeka penseli nyuma ya sikio, akatafakari, akataja bei mpya iliyobeba na hatari za kazi. Lakini kizimba kilitoka kizuri: wavu wa dirishani pande zote, na mlango wenye komeo mbili. Komeo ya pili sikuiagiza. "Hiyo ni zawadi," alisema, amesimama mbali.

Vitabu vinaagiza taa mbili, moja ya joto na nyingine ya miale ya urujuanimno. Bila miale hiyo mwili wa kinyonga hautengenezi vitamini D3, kalsiamu haishiki, mifupa inalegea. Kwetu umeme huja saa nane za usiku. Ukija, mtaa mzima unaamka kupiga pasi na kuchaji simu, na kinyonga naye akawa anachomozewa jua saa hiyohiyo, wakati mwili wake unataka giza na ubaridi. Balbu tukamnyang'anya. Jua la Lubumbashi, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, linatoa miale hiyo bure, ila kioo cha dirisha kinaizuia. Basi kizimba kikahamia nje, chini ya mlimao, nusu kivulini.

Nje ndiko kwenye watu. Kinyonga hanywi kwenye sahani. Hulamba matone juu ya majani. Nikatundika juu ya kizimba chupa ya plastiki niliyoitoboa kwa sindano. Tone, tone, tone. Katika mtaa ambao watu hupanga foleni ya bido za maji alfajiri, tone linaloanguka chini bila kazi ni tusi, na mke wangu akaweka beseni. Jirani mmoja alisimama akatazama chupa, wavu, beseni, na kinyonga katikati. Akaniuliza kwa adabu kubwa siku zangu za kupokea wagonjwa ni zipi.

Chakula kilikuwa mikononi mwa watoto, panzi kwa pipi, na bei ilipanda kila wiki. Kumbikumbi walipotoka, wachache sana walifika kizimbani. Wengi walikaangwa njiani.

Kusema kweli kile kizimba hakikumzuia kinyonga. Kwa mwendo wake angehitaji asubuhi nzima kufika kwenye geti. Kilizuia kuku, mawe, na kikundi cha maombi kilichopita kumkemea.

Mwezi wa tatu akaanza kushuka sakafuni na kukwaruza mbao, tumbo limejaa vinundu. Miezi yote hiyo tulikuwa tukimwita Shefu. Jike huchimba udongo wenye unyevu akafukia mayai yake, nayo ni makumi. Hutaga hata kama hajakutana na dume, na akikosa pa kuchimba anaweza kufa nayo tumboni. Nikakimbia kwa fundi kuagiza sanduku dogo lenye kina, la kujazwa udongo.

Fundi akavua kofia. "Pole, papa. Nani ametutoka?"

"Si la kuzikia. Ni la kuzalia."

Akanyamaza kidogo. "Anayezaa ni yule yule?"

"Ni yule yule."

Akaichukua penseli nyuma ya sikio, akafuta bei, akaandika nyingine.