Magodoro ya Hariri ya Kasongo

Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga, ambao bila shaka hawakuwahi kupita Kasongo, mji wa Maniema, mashariki mwa Kongo. Pale waliochuma juani walikuwa wapagazi na watumwa, pembe za ndovu mabegani, wakishika njia ya Kabambare na Ujiji hadi pwani. Kivuli kilikuwa cha Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, maarufu kwa jina la Tippu Tip.

Mwaka 1887 tajiri huyo alikubali kuwa liwali wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo, huko Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Bwana mwenye maelfu ya watu chini yake, naye akawa wa kungoja mwisho wa mwezi! Cheo cha karatasi humlevya hata asiyekunywa.

Mwaka 1890 aliondoka kwenda Unguja, asirudi tena. Hapo akili ilimkaa sawasawa. Mwanawe Sefu akaachiwa vita na majeshi ya Leopold. Aprili 1893 jeshi la Dhanis, kamanda wa Leopold, likaingia Kasongo, na daktari wake, Sidney Hinde, akaandika kwa mshangao kwamba hata askari wa kawaida walilalia magodoro ya hariri, kwenye vitanda vya nakshi vyenye vyandarua. Jasho la miaka, usingizi wa kuruti!

Mwanzoni mwa 1894 Kabambare nayo ikaenda. Dhanis akapewa ubaroni. Leopold, aliyevuna kuliko wote, hakukanyaga Kongo hata siku moja. Mbu wa Maniema hawakupata bahati ya kumfahamu.

Wapagazi? Waliendelea kupagaa.