Bakuli la Sukari: Mhadhara wa Mwisho Kabisa

Mgeni rasmi, ambaye kiti chake bado ni kitupu; wajumbe wa meza kuu, yaani mimi; nanyi wengine mliofuata harufu ya sambusa: itifaki imezingatiwa. Mbele yenu amesimama bingwa wa Bakuli la Sukari katika ukanda wote wa Afrika Mashariki na Kati. Cheo hiki sikupewa na mtu. Vyuo vikuu vilichelewa, nikajitunuku.

Kwa faida ya wachanga katika taaluma hii: kuna vitabu 13 vya watoto viitwavyo A Series of Unfortunate Events, vilivyotoka kati ya 1999 na 2006. Mwandishi wake, Mmarekani Daniel Handler, alijificha nyuma ya jina la Lemony Snicket. Yatima watatu wa akina Baudelaire, Violet, Klaus na mdogo wao Sunny, wanaandamwa na Count Olaf, laghai anayeumezea mate urithi wao. Hayo waachieni watoto. Sisi wasomi tuna bakuli letu.

Bakuli lenyewe lilikuwa la seti ya chai ya Esmé Squalor, mwanamke asiyevaa kitu mpaka ahakikishiwe ndiyo fasheni ya mjini. Esmé analia kwamba Beatrice, mama wa yatima wale, alimwibia. Basi ikawa patashika! Katika kitabu cha kumi, makao makuu ya jumuiya ya siri, V.F.D., yanateketea, bakuli linarushwa dirishani na kuchukuliwa na mto. Katika cha kumi na moja linasakwa kwa nyambizi mpaka pangoni chini ya bahari, nako kunaambuliwa uyoga wa sumu. Katika cha kumi na mbili linabebwa na kunguru hadi Hoteli Denouement. Olaf anafungua chumba cha kufulia, halimo. Klaus, mtoto mwenye kichwa karibu kama changu, anang'amua kuwa limetumbukia bwawani. Kitabu cha kumi na tatu kikatoka Ijumaa, tarehe 13 Oktoba 2006, kikaisha, na Bwana Handler hakusema ndani mlikuwa na nini. Hapo ndipo wajuaji walipofumuka.

Wapo wanaosema mlikuwa na ushahidi kuhusu vifo vya wazazi wa Olaf. Wapo wavivu wanaosema hamkuwa na kitu, kwamba bakuli ni kisingizio tu cha kuwakimbiza wahusika. Hawa siwajibu, nitawapa umaarufu.

Wanaonisumbua ni watu wa sukari. Hoja yao ni hii: dawa ya ule uyoga ni horseradish, mzizi mkali unaopanda puani. Sunny alipougua, aliponywa kwa wasabi, inayofanya kazi ileile. Katika kitabu cha mwisho tunakuta mti wa matofaa uliochanganywa na mzizi huo, kazi ya wazazi wa yatima wenyewe. Ikiwa tofaa linawezekana, wanauliza, sukari je? Kisha tamthilia ya Netflix, iliyomalizika mwaka 2019, ikasema hivyo hivyo waziwazi: ni sukari ya kinga.

Televisheni! Tangu lini mambo mazito yakaamuliwa na kisanduku kinachotangaza sabuni?

Nadharia yao ina ushahidi, ina mantiki, na mtoto wa darasa la nne anaifahamu bila kuelekezwa. Sasa nadharia isiyohitaji bingwa ni nadharia gani hiyo? Mabingwa wale nini?

Sikilizeni basi, na mlioshika kalamu andikeni. Ndani ya bakuli mlikuwa na kijiko. Msicheke. Mji mzima unalisaka bakuli. Nani anakisaka kijiko chake? Hakuna. Je, Esmé, mwanamke wa fasheni, alikuwa akichota sukari kwa vidole? Kijiko hakitafutwi kwa sababu kimo ndani. Ukimya wa mwandishi katika vitabu vyote 13 ndio ushahidi wangu, na hakuna mtu aliyewahi kuwa na ushahidi mrefu kiasi hicho.

Maswali hayatapokelewa. Mwenye ubishi aandike, aache maandishi yake mlangoni, nami nitayapuuza kwa mpangilio wa alfabeti. Msimamo rasmi ni kijiko. Wa sukari wakanywe chai. Na waandaaji, tafadhalini, posho yangu isipitie kwa mhasibu.